Sauti ya Mwalimu Ambakisye

“Pupa ya tiba humzika mzima.” Vijana waliokuwa wakimenya ndizi jikoni kwa Bibi Sekela walikuwa wameusikia msemo huo kanisani, wakamwuliza umetoka wapi.

“Methali hii si ya kale,” Bibi akawajibu. “Ilizaliwa hapa hapa Tukuyu, nyumbani kwa Tusekile, mjane wa mwalimu Ambakisye.”

Ambakisye alipoambiwa kwamba ugonjwa wake wa koo hauponi, alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani akarekodi sauti yake: hadithi, nyimbo za kubembeleza, na maonyo ya baba kwa binti yake Atupele, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Kisha akafariki. Mtoto akakua akimjua baba kwa sauti tu.

Asubuhi moja ya mvua Tusekile aliwasha kompyuta ile, kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe yakasema hakuna diski ya kuwashia. Akaizima, akaiwasha tena. Maandishi yale yale. Akamwita Lugano, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiwatengenezea majirani kompyuta zao.

Lugano aliyasoma maandishi, akatikisa kichwa. “Diski imekufa, shemeji.”

“Hata hujaifungua ukaitazama!”

“Ugonjwa huu naujua. Acha niiwekee mfumo mpya, huenda ikafaa kwa kazi nyingine.”

“Na sauti ya kaka yako?”

“Imekwenda na diski. Pole sana.”

“Basi tungoje, tuulize na mwingine.”

“Tungoje nini, shemeji? Maiti haingojwi.”

Lugano akatia CD ya mfumo mpya. Mashine iliuliza kama kila kilichomo kwenye diski kifutwe, naye akabonyeza kukubali. Kazi ilikwenda bila kikwazo, jambo ambalo lilipaswa kumshtua, maana diski iliyokufa haiandikiki. Ilipokwisha, kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Kioo cheusi. Maandishi yale yale.

Lugano akaligeuza boksi la kompyuta, akapapasa nyuma penye nyaya, mkono wake ukagusa flashi ndogo. Tusekile alikuwa ameichomeka ili anakili nyimbo za kwaya, akaisahau. Kila ilipowashwa, kompyuta ilitafuta pa kuanzia ndani ya flashi ile, ikakosa, ikakwama hapo hapo. Lugano akaichomoa. Kompyuta ikawaka mara moja, safi, tupu.

“Kumbe ilikuwa hai,” Tusekile akasema taratibu.

Lugano hakuweza kumtazama usoni.

Atupele aliporudi kutoka shule alivaa vipokea sauti vyake masikioni, akakaa, akangoja. “Mama, mbona leo baba hasemi?”

Tusekile akamvua vile vipokea sauti, akampakata kama mtoto mchanga.

Lugano aliibeba diski ile hadi kwa mafundi wa Mbeya, na hakuna aliyeweza kurudisha hata neno moja. Tangu hapo hakugusa tena mashine ya mtu. Watu walimbembeleza, wakamlaumu kwamba anaringa na ujuzi wake. Yeye aliinamisha kichwa tu, akawaambia: “Pupa ya tiba humzika mzima.”