Msitu wa Nyuma ya Kwemsele

"Nyuma ya kwako ni mbele ya mwenzio." Methali hii mliisikia juzi kikaoni, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Usambara, na ilianza namna hii.

Mzee Shekigenda, mwenyekiti wa kijiji cha Kwemsele, alikuwa mtu aliyekosa mengi. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na meno mawili ya juu, ndiyo maana alicheka amefumba mdomo. Hakuwa na umeme, wala hakuna jirani aliyekuwa nao. Na hakuwahi kumiliki ramani, lakini hilo hakulihesabu, kwa sababu mtu aliyezaliwa mahali huijua njia ya kwao kwa nyayo.

Katika milima ile kulikuwa na vijiji vitatu vilivyopangana mgongoni mwa mlima: Kwangoto upande wa magharibi, Kwemsele katikati, na Hemvule upande wa mashariki. Kati ya kijiji na kijiji palikuwa na msitu wa hifadhi, haukatwi, haulimwi. Na nyumba zote, tangu mababu, zilijengwa mlango ukitazama macheo. Mtu akifungua mlango alfajiri, jua limpige usoni. Mbele ya nyumba ndipo palipofagiliwa, ndipo mgeni alipopokelewa, ndipo njia ya kisimani ilipoanzia. Nyuma palikuwa pa kumwaga majivu na kuchimba choo. Nyuma hapakutazamwa na mtu.

Mwaka mmoja mji wa bondeni ulijaa watu, na barua ikaja kutoka wilayani. Kila kijiji kichague sehemu ya msitu wake iondolewe katika hifadhi, zijengwe nyumba mpya. Nyumba hizo zitakuja na barabara na nguzo za umeme, na vijiji navyo vitafaidika.

Shekigenda aliitisha mkutano. Hawakubishana sana. Kisima chao, chemchemi isiyokauka hata mwezi wa pili, kilikuwa ndani ya msitu wa mbele, huo haukuguswa. Akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri wa pole pole: *Tunatoa msitu wa nyuma ya kijiji.* Akapiga muhuri. Akatembea wiki nzima amefumba mdomo kwa kicheko.

"Wametuomba ardhi," alimwambia mkewe, "tumewapa jalala. Na umeme watatuletea!"

Miezi minne baadaye aliamka, akafungua mlango, jua likampiga usoni, na pamoja na jua akaona vijana watatu wakishindilia kigingi cha saruji pembeni mwa njia ya kisimani.

Alisimama. Akageuka akatazama nyuma ya nyumba. Kimya, miti tu. Akageuka tena mbele. Vijana walikuwapo. Alidhani labda bado amelala.

"Shikamoo, mzee," alisema mkubwa wao, mpima ardhi aliyeitwa Lutufyo.

"Marahaba. Mmepotea, wanangu. Sisi tumetoa nyuma."

"Hatujapotea, mzee. Nyuma tulishamaliza juzi."

"Sasa hapa mnafanya nini?"

Lutufyo akakunjua ramani juu ya jiwe. "Hapa ni nyuma ya Hemvule. Wametoa na wao. Fomu ninayo, ina muhuri."

Shekigenda aliinama juu ya karatasi ile. Aliuona msitu wake, kijani, umelala nyuma ya jina la Hemvule kama majivu yao. Akaizungusha ramani. Akaizungusha tena. Kila alivyoigeuza, haikukubali kusema anayoyajua.

"Na kisima?"

"Kisima kimeangukia kiwanja namba kumi na saba, mzee wangu."

Hakunywa hata uji. Alipanda njia ya Hemvule akizungumza peke yake, na alipofika alimkuta Bi Hoza, mwenyekiti wa huko, akianika maharage. Shekigenda alikuwa ameoa Hemvule, kwa hiyo waliitana shemeji, na utani ulikuwa haki yao.

"Karibu, shemeji. Mbona unahema? Dada yetu amekufukuza?"

"Hoza, mmegawa kisima changu!"

"Kisima chako? Sisi tumetoa vichaka vya nyuma, kule tunakomwaga maganda. Kuna kisima huko?"

"Kwemsele nzima inakunywa huko!"

Bi Hoza aliacha maharage. "Wallahi sikujua. Nina miaka sitini, sijawahi kushuka huko zaidi ya chooni." Akafikiri, kisha akasema kwa upole, "Lakini, shemeji, sisi tumeahidiwa nguzo. Nikiirudisha fomu, watu wangu nitawaambia nini? Hatukukusudia ubaya. Kwetu ni nyuma tu."

Shekigenda alifungua kinywa ajibu. Kabla hajajibu, mzee mmoja mrefu, mwenye vumbi hadi magotini, alibisha hodi uani.

"Namtafuta mwenyekiti wa Kwemsele. Nimeambiwa amekimbilia huku."

"Ndiye huyu," alisema Bi Hoza.

"Mimi ni Kupaza, mwenyekiti wa Kwangoto. Juzi watu walichimbia saruji katika msitu wa mbele ya milango yetu. Makaburi ya wazee wetu yako humo, na maji yetu yako humo. Wanasema umetoa wewe."

"Mimi?" Shekigenda alisema. "Hapana, mzee mwenzangu. Sisi tumetoa nyuma. Hatukukusudia ubaya. Kwetu ni..."

Aliyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake, na dakika moja tu iliyopita yalikuwa ya Hoza. Aliwatazama wote wawili, huyu wa mashariki na huyu wa magharibi, na hakujua amkasirikie nani.

Bi Hoza akacheka mpaka akaketi. "Malizia basi, shemeji! Kwenu ni nini?"

"Usinicheke, Hoza."

"Sikucheki wewe peke yako. Nyuma ya kwako ni mbele ya mwenzio. Sasa niambie: nikikurudishia chako, wewe utamrudishia Kupaza chake? Na nguzo zisije kwangu, zisije kwako?"

Shekigenda aliwaza taa. Aliwaza wanawake wa Kwemsele wakipanga ndoo mlangoni kwa mtu wa kiwanja namba kumi na saba.

"Lete karatasi," alisema.

Waliandika watatu barua ya wilayani, kalamu mkononi mwa Shekigenda. *Tunaondoa ridhaa zetu. Tunaomba irudishwe kwenye hifadhi msitu wa mbele ya Kwemsele na msitu wa mbele ya Kwangoto.*

"Na ule wa nyuma yenu?" Bi Hoza alimwuliza Kupaza. "Mliutoa na ninyi?"

Kupaza aliinamisha kichwa. "Tuliutoa. Sijui ni nani anayeamka akiutazama."

*Na ule ulio ng'ambo ya Kwangoto,* Shekigenda akaongeza, *usiguswe mpaka tumjue anayeamka akiutazama.*

"Watatuelewa?" aliuliza Kupaza.

"Sijui," alisema Shekigenda. "Mimi mwenyewe nimeelewa leo, na nimeishi hapa miaka yote."

Akaandika mstari wa mwisho, herufi kubwa kubwa, ili hata mtu wa mjini asiyejua milango yao inatazama wapi apate kuusoma: *Nyuma ya kwako ni mbele ya mwenzio.* Mihuri mitatu, isiyotoka mifukoni mwa wenyeviti, ikapigwa chini yake. Bi Hoza akabandika bahasha kwa tonge dogo la ugali, akaikandamiza kwa kidole gumba, na Lutufyo, aliyepita hapo jioni ile akishuka mjini kwa pikipiki, akaitia mfukoni akaondoka nayo.