Mkasi wa Mama Kipaza

Kitu kikiingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa. Hata ukisimama mlangoni ukaita mpaka koo likauke, kitakaa palepale na vumbi lake. Ndiyo maana wazee walituachia neno: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka jambo gumu kufikiwa hana budi kujishusha kwanza.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Mama Kipaza. Jina hilo alipewa kanisani, maana alipoomba hakuhitaji kipaza sauti. Madirisha yenyewe yaliitikia. Aliomba akitembea huku na huko kama askari wa zamu. Kupiga magoti alikataa. "Magoti yangu mabovu," alisema, ilhali magoti hayohayo yaliendesha cherehani kutwa nzima.

Siku moja kaka yake, ndugu pekee aliyezaliwa naye, alilazwa hospitali, apasuliwe tumbo Jumamosi. Mchungaji akamfuata Mama Kipaza.

"Wewe ndiye utakayetuongoza kumwombea kabla hajapasuliwa. Una siku tatu za kujiandaa."

"Mchungaji, mimi niko tayari hata sasa hivi!"

"Sauti iko tayari, naisikia," mchungaji akatabasamu. "Mwenye sauti je?"

Siku ya kwanza alifunga. Ya pili akafunga tena, akasoma zaburi hadi macho yakamwuma. Lakini kila alipofungua kinywa kumwombea kaka yake, maneno yalikauka kama gundi iliyoachwa wazi. Hofu ikamwingia.

Mama yake mzazi, aliyekuwa akipachika vifungo kwenye mashati ya wateja, alimwona akihangaika.

"Mwanangu, na wifi yako mlisalimiana lini?"

"Mama, ya mkasi tuyaache. Leo nina kazi ya Mungu."

"Haya, mwambie Mungu amponye mume wa mtu usiyemsalimia. Tusikie atakavyokujibu."

Mama Kipaza akanywea. Miezi minne nyuma, alikuwa akikata majoho ya kwaya juu ya kitanda chake, kwa kuwa meza haikutosha. Wifi yake, mke wa kaka huyo, alikuwa akimsaidia. Mkasi ukapotea. Akamwita wifi mwizi mbele ya kwaya nzima, na tangu hapo wakipishana njiani kila mmoja hutazama ukuta wake.

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu.

"Bwana, moyo wangu umeingia kutu. Nitakwenda kwa wifi, awe aliuchukua au hakuuchukua."

Alipofumbua macho, akaona kitu kinang'aa mvunguni, kati ya mguu wa kitanda na ukuta. Mkasi!

Alidhani anakwenda kusamehe; kumbe wa kusamehewa ni yeye. Akauchukua mkasi, akaenda. Alimkuta wifi akikunja nguo za mgonjwa.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Umekuja kukagua kabati?"

Maneno yalimchoma. Akapiga magoti palepale kizingitini, akamnyooshea mkasi kwa mikono miwili.

"Ulikuwa mvunguni kwangu. Mwizi ni ulimi wangu, ulioiba jina lako. Nisamehe, wifi yangu. Nami nitasema hivi mbele ya kwaya, kwa sauti ileile."

Wifi akaupokea mkasi. "Miezi minne! Kwani wewe mvunguni hufagii?"

Wakacheka hadi machozi, na hayo machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Inuka basi. Si ulisema magoti mabovu?"

Jumamosi walipiga magoti pande mbili za kitanda cha mgonjwa, wameshikana mikono juu yake. Mama Kipaza akaomba kwa maneno machache, sauti ya chini, na kila neno lilitoka kama maji ya chemchemi. Mgonjwa akafumbua jicho moja.

"Dada, leo umeme umekatika?"

"Hapana, kaka. Ndiyo kwanza umewaka."

Kabla ya adhuhuri alitoka salama chumba cha upasuaji. Jumapili, mbele ya kwaya, Mama Kipaza alitimiza ahadi yake na madirisha yakaitikia. Na tangu siku ile mvungu wake hufagiliwa kila asubuhi, maana hapo ndipo magoti yake hutua kabla hajatoka kwenda kumwombea mtu. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.