Jini Aliyedai Faini za Mirihani

Alikuwako Sultani Tawakali bin Jabiri, mwenye mji wa Mirihani, na mji huo ulikuwa na kuta za mawe mekundu na misikiti ya vigae vya buluu na bustani za komamanga zilizonyweshwa kwa maji yatokayo mlimani, na Mwenyezi Mungu aliwajaalia watu wake kila tabia njema isipokuwa moja, nayo ni kulipa faini. Mtu wa Mirihani alitoa zaka bila kuombwa, na alichangia harusi za watu asiowajua, lakini mwambie alipe dirhamu mbili kwa kumfunga punda wake mlangoni pa msikiti, atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Atakwambia, "Kesho, inshallah," na kesho ya Mirihani haijapata kuonwa na kiumbe yeyote.

Mzigo wa faini hizo aliubeba Ghalibu bin Suudi, Mdai Faini wa Sultani na msimamizi wa mitaro ya mji, mseja wa makamo, mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Kila uchao alikuwa kiguu na njia, akibisha milango, na kila uchwao alirudi kaambulia patupu, koo limemkauka na kichwa kinamgonga. Waliomwona akija waliingia uvunguni. Waliochelewa kuingia uvunguni walijitia viziwi. Mmoja alijilaza na kufunikwa sanda, na mkewe akalia vizuri kabisa, hata marehemu alipopiga chafya.

Basi Sultani akachoka, akamwita Ghalibu mbele ya mawaziri na kumwambia, "Ewe Ghalibu, tumekupa cheo na joho na farasi, nawe hutuletei ila visingizio. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na faini moja haijalipwa, hata iwe ya kuku, utatoka katika mji wetu na nguo ulizovaa, wala hutarejea maisha yako yote."

Ghalibu akainama na kusema amesikia na kutii, na moyo wake ukamwuma, wala si kwa ajili ya joho na farasi. Mtaa wa Wakaanga Kahawa alikaa mjane aitwaye Bi Ruzuna, mpika halua, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopepesa, na Ghalibu alikuwa ananunua halua kwake siku nyingi pasipo kupenda sana vitu vitamu. Alikuwa akingoja siku ya kusema neno. Sasa alijiona akifukuzwa kabla hajalisema, na kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya punda wa watu!

Akaingia katika ghala walimohifadhi vitu vilivyowekwa rehani na wadaiwa, akapekua kama kuna chochote cha thamani, akakuta sufuria zilizotoboka na ngoma isiyo na ngozi na pete moja ya shaba, nayo iliwekwa badala ya dirhamu arubaini. Hasira zikampanda akaitupa ukutani kwa nguvu zake zote. Moshi ukatoka, na ndani ya moshi akasimama jini, kichwa chake kikigusa dari na baridi ikimtoka mwilini, akijipapasa kisogo.

"Labeka, bwana wangu," akasema jini. "Mimi Zamharuri, mtumwa wa pete. Wenzako huisugua tu, wala hawaitupi."

Zamharuri akamweleza masharti yake, kwamba yeye hawezi kusema uongo, na kwamba fedha ambayo mtu ataitoa kwa kumwogopa jini hugeuka majani makavu kabla ya alfajiri. Lakini Ghalibu alikuwa amekwisha kushika njia kwa furaha, na la pili hakulisikia.

Kukatokea siku ile kioja ambacho Mirihani hakijasahauliwa, maana Zamharuri alisimama juu ya soko, miguu yake upande huu na ule wa mto upitao mjini, akanguruma kwamba kila mdaiwa alipe, na vilemba vikaruka na mbuzi wakazirai na watu wakakimbilia hazina wakitupa fedha kwa mifuko. Ghalibu alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi Sultani akaja mwenyewe kutazama mali yake, sanduku likafunguliwa, na lote limejaa majani ya mkomamanga. Upepo ukayatawanya ndevuni mwa Sultani, naye akageuka akaondoka.

"Nilikwambia," akasema Zamharuri walipobaki wawili. "Lakini wewe husikii. Mji mzima huu hamsikii."

Ghalibu akarudia njia yake ya zamani, akampeleka mpiga mbiu kila pembe ya mji apulize baragumu na kutangaza, "Enyi watu wa Mirihani, hamna haya! Wengi wenu hamjalipa! Mji umejaa wadaiwa!" Naye mwenyewe alikwenda nyuma ya mbiu akitazama, na alichokiona kilimtia wazimu. Mtu mmoja aliyekuwa njiani kwenda hazina, fedha mkononi, alisimama akasikiliza, akatabasamu, akarudisha fedha mfukoni na kwenda zake kunywa kahawa.

Ghalibu akafika kwa Bi Ruzuna akiwa hoi, akaketi juu ya kigoda bila kukaribishwa, akasema watu hawa ni mawe, si watu. Bi Ruzuna alikuwa akisonga halua yake, mwiko hausimami.

"Bwana Ghalibu," akasema, "kila Ijumaa mnatutangazia kwamba watu wengi hawajalipa. Mwenye kusikia hivyo anajua yuko pamoja na wenzake. Sasa alipe yeye kwa nini, aonekane mjinga peke yake?"

Neno hilo likamwingia Ghalibu. Miaka yote alikuwa akiwapelekea watu wa Mirihani habari njema, kwamba wasijali, wako wengi, na akalipia baragumu kwa fedha ya serikali. Alitamani kukipiga kilemba chake chini.

Akamwita Zamharuri na kumtaka aende akawaambie watu kwamba wengi wamelipa. Jini akakataa, kwa kuwa ni uongo. Ghalibu akashika kichwa, wakabishana hata sauti zikakauka, mpaka jini akasema, kwa kero, kwamba uko mtaa mmoja ambako neno hilo ni kweli, Mtaa wa Wafinyanzi, ambako waliolipa ni wengi na wasiolipa ni wachache. Wakaanzia huko.

Safari hii Zamharuri hakupenya ukuta wala hakunguruma. Ghalibu alimfundisha, na kumfundisha jini adabu za Mirihani si kazi ya kumtakia rafiki, maana alikuwa akisema hodi huku amekwisha kuingia. Hatimaye akaweza. Akajigeuza mzee wa kanzu nyeupe, akasimama nje, akapiga hodi na kungoja karibu, akamwita mtu kwa jina lake na la baba yake, akamuuliza hali na watoto na mguu uliokuwa ukimwuma, kisha akasema taratibu, "Majirani zako wa mtaa huu wengi wamekwisha kulipa, bwana. Wewe ni katika wachache waliobaki." Mtu akageuka kutazama mlango wa jirani, na jirani yuko mlangoni anatazama vilevile, na kabla ya adhuhuri Mtaa wa Wafinyanzi haukubakiwa na deni, na fedha ilipolala hazina iliamka fedha. Sasa ilikuwa kweli kusema kwamba mtaa mzima umelipa, na kwa ukweli huo wakaingia mtaa wa pili wakiwaambia watu kwamba jirani zao Wafinyanzi wamelipa wote, na kwa wa pili wakaingia wa tatu.

Wakakwama tena. Watu walikubali, wakatoka na fedha zao, wakautazama mlima ambao hazina ilikuwa juu yake, na ngazi zake, na karani wake ambaye akifika mtu humwambia arudi baada ya chakula, wakasema, "Kesho, inshallah." Zamharuri akapandwa na hasira kweli. Akapanda mlimani, akaing'oa hazina pamoja na msingi wake, na karani yumo ndani na kikombe chake cha kahawa, akaituliza katikati ya soko baina ya wauza ndimu na wauza viatu. Kahawa haikumwagika. Watu wakalipa njiani wakienda kununua ndimu, na wengine walikiri kwamba wangalilipa zamani kama si zile ngazi.

Ikafika siku ambayo mwezi ulitazamiwa kuandama, na Mirihani nzima ilibakiwa na faini moja, ya dirhamu tatu, kwa kumwaga maji njiani, na mwenyewe ni Bi Ruzuna.

Zamharuri alikwenda akapiga hodi, akauliza hali, akasema mji mzima umelipa na amebaki yeye. Bi Ruzuna akamkaribisha, akampa halua, akasema halipi. Jini akarudi kwa Ghalibu na bakuli mkononi. Ghalibu akaenda mbio, jua linashuka, joho linamkwama miguuni.

"Bi Ruzuna, nakuomba. Dirhamu tatu tu. Wewe ndiwe uliyenifundisha njia, na wote wameifuata."

"Wao walikuwa na makosa," akasema Bi Ruzuna. "Mimi sina. Uniambie wengi wamelipa, uniambie wote wamelipa, kosa halitakuwa langu. Mtaro wa hapa mlangoni umeziba tangu masika. Nimekuja barazani kwako kuusema, nikaja tena, ukaniambia kesho. Maji ya kuoshea sufuria yakakosa pa kwenda, yakaenda njiani, na ukanitoza wewe mwenyewe, bwana msimamizi wa mitaro."

Ghalibu alitaka kujibu kwamba mitaro si kazi yake. Ilikuwa kazi yake. Akakumbuka mwanamke aliyesimama barazani, na yeye hakuinua uso kumtazama, kwa kuwa alikuwa na shughuli ya kulalamika juu ya watu wasiosikia. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Akasema, "Faini hii naifuta. Haikuwa haki."

"Na sheria ya Mirihani je, juu ya mwenye kutoza pasipo haki?"

"Hulipa maradufu," akasema Ghalibu polepole.

Kukapigwa hodi. Zamharuri alikuwa nje katika kanzu yake nyeupe, akingoja karibu, na alipokaribishwa alimgeukia bwana wake kwa heshima zote. "Ghalibu bin Suudi, u hali gani, na miguu yako je? Mji mzima umekwisha kulipa, bwana. Umebaki wewe."

Ghalibu akakimbia hadi sokoni akimwaga ndimu za wauzaji, akahesabu dirhamu sita mbele ya karani, na alipotoa mkono mezani watu walio juu ya kuta wakapiga kelele kwamba mwezi umeonekana. Sultani alipouliza nani alikuwa wa mwisho kulipa, Ghalibu akasema, "Mimi, bwana wangu," na akaeleza sababu bila kupunguza neno, na Sultani akacheka hata machozi, akamvisha joho jipya na kumpa bustani ya komamanga yenye kisima. Pete ile Ghalibu akamrudishia Zamharuri, ambaye alisema ataenda kulala mahali pasipo na watu.

Baada ya Idi Ghalibu akalisema neno lake kwa Bi Ruzuna. Yeye akamsikiliza hadi mwisho, akasema mahari yatazungumzwa, lakini mtaro kwanza. Basi Mdai Faini wa Sultani akavua joho jipya, akakunja kanzu, akaingia mtaroni na jembe. Aliyetusimulia alisema walioana wakakaa kwa raha, na kwamba tangu hapo anayekwenda kudai Mirihani hupiga hodi, na akikaribishwa huketi kwanza na kuuliza kama yeye mwenyewe hadaiwi kitu.