Mbuzi wa Kobilo

Sogeeni. Na wewe unayetafuna miwa huko nyuma, tafuna polepole, nina jambo la kuwauliza.

Kule Baringo kulikuwa na mama, Kobilo, aliyezika watoto wawili kwa kala-azar, homa ile inayovimbisha bandama mpaka tumbo linawambika kama ngoma. Akabaki na Kimaru tu. Aliposikia homa hiyo huletwa na usubi, vile vijidudu vinavyouma usiku, kila magharibi akawa anafukiza nyumba kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Mtoto anamtoa nje: "Kaa pale kwenye kichuguu, baba, moshi upungue."

Sasa, Mzee Kandie, mrina asali, alikuwa na macho makali. Humfuata nyuki mmoja hadi mzingani. Ndiye aliyeona vijidudu vikitoka kwenye matundu ya kichuguu jua likizama. "Hawa nao ni usubi," akasema. Watu wakamcheka.

Jirani mmoja, Tabutany, hakucheka. Yeye kipawa chake ni subira. Alipaka karatasi mafuta ya nyonyo, akazitega ukutani na kichuguuni, usubi wanase. Mbuzi wakazila. Akatega tena, wakazila tena! Mara ya tatu akaketi na fimbo, akalinda mpaka usubi wakanasa.

Akawapeleka usubi hao kwa Sialo wa maabara, aliyekuwa na elimu. Usubi hufanana kama punje za mtama, lakini koo zao hutofautiana; Sialo akawatazama koo kwa hadubini, mmoja mmoja, mpaka machozi yakamtoka. Akamwendea Kobilo. "Mama, hawa wa ukutani hunyonya mijusi. Wa kala-azar ni wale wa kichuguuni."

Kobilo akaketi chini. "Mungu wangu! Kumbe nilikuwa nampeleka mimi mwenyewe!"

Kimaru hakukanyaga pale tena. Mvua zikaja, zikaenda, tumbo lake bapa. Sasa anaiba asali ya Mzee Kandie.

Kobilo ana mbuzi mmoja, mwenye mimba. Kwao mbuzi wa shukrani hachinjwi wala hagawanywi. Hupewa mtu mmoja, akiwa hai. Akawaita wote watatu.

"Mpe Tabutany," akasema mzee. "Kuona nimeona, lakini nani mwingine aliniamini?"

"Bila wewe ningetega wapi, mzee wangu? Tena mimi na mbuzi hatupatani. Mpe Sialo."

"Mimi nilitazama tu nilicholetewa," akasema Sialo.

Kobilo akacheka huku analia. "Jamani, nyote mmenipa mtoto! Nifanyeje?"

Kamba bado iko mkononi mwake. Mtoto mmoja, mbuzi mmoja, waliomwokoa watatu. Haya, wewe wa miwa: ungekuwa Kobilo, kamba hiyo ungemkabidhi nani?