Wodi Iliyokamilika Kimsingi

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Pakawa jengo!

Likasimama wapi?

—Kwenye karatasi!

Na paa lake?

—Limehamia kwa mkubwa!

Haya, mmeanza vizuri. Leo nina kazi nanyi. Nikiuliza "Imekamilika?" ninyi mnaitikia "Kimsingi!" Tujaribu. Imekamilika?

—Kimsingi!

Hapo hapo. Twende.

Hapo kale, wala si kale sana, wanyama wa Bonde la Matete walikuwa wanazalia kwenye majani. Mvua ikinyesha bonde linajaa, na mama aliyejifungua jana, leo anaogelea na mtoto mdomoni. Wakachoka. Halmashauri ya bonde ikakaa, ikaamua: tujenge Wodi ya Wazazi pale mwinukoni, yenye kuta nne, paa la bati na mlango unaofungwa.

Kazi ya kujenga akapewa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ana mdomo mkubwa. Kikaoni, kila aliyenyoosha mkono kupinga, Kiboko alipiga mwayo, aaaaah! Mpingaji akiyaona yale meno anakumbuka kwamba hoja yake ameisahau nyumbani.

Kazi ya kusimamia akapewa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene, hana mkia, akikaa juu ya jiwe utadhani naye ni jiwe. Lakini alikuwa amesoma. Bonde zima ni yeye tu aliyeweza kusoma ramani bila kuigeuza-geuza. Walimwita Injinia Pimbi, na akiitwa hivyo masikio yake yalisimama wima.

Wananchi wakaleta vifaa. Nyati akaleta mawe: gubu! gubu! Twiga akaburuta nguzo: kwaruu! kwaruu! Nyani wakabeba mabati kichwani huku wakigombana njia nzima: kwacha-kwacha-kwacha! Na kila kilicholetwa, Pimbi alichovya kiganja chake kwenye udongo mwekundu akakipiga alama. Jiwe, ta! Nguzo, ta! Bati, ta! Maana yake: hii ni mali ya wodi, nimeipokea mimi.

Msingi ukachimbwa. Msingi ukajengwa. Msingi mzuri kabisa, hata mimi sina ubishi nao. Halafu mvua za kwanza zikaanguka, tope likatanda kati ya ofisi na saiti, na Pimbi akaacha kwenda saiti.

Kwa nini aliacha? Alikuwa na viatu vipya.

Msicheke. Vilikuwa vyeupe.

Siku moja Kiboko akaingia ofisini, puu! puu! puu!, mkono mmoja karatasi, mkono mwingine sahani ya sambusa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Injinia. Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Kula kwanza."

Pimbi akala.

"Hiki ni cheti cha ukamilishaji," akasema Kiboko. "Wiki ijayo mgeni rasmi anakuja kukagua. Gonga kiganja chako hapo chini, tusije tukaaibika."

"Kwani wodi imekamilika?"

Kiboko akatazama dari. Mkia wake ukapepea, tapa-tapa-tapa, vile unavyopepea akiwa anatoa kitu kingine.

"Kimsingi," akasema.

"Kimsingi?"

"Kimsingi."

Pimbi alifikiria kwenda kuona. Kweli alifikiria. Akachungulia dirishani: tope. Akatazama miguuni: viatu. Akatazama sahani: imebaki sambusa moja. Na neno lenyewe lilikuwa zuri, neno la kikaoni, halina kona ya kumchoma mtu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Wodi ya Wazazi imekamilika kimsingi. Akachovya kiganja kwenye udongo mwekundu. Ta!

Cheti kikabandikwa ubaoni. Kunguru akakisoma, akaruka na habari kinywani bonde zima: "Imekamilika! Imekamilika!" Lile neno la mwisho lilimdondoka njiani, na nani huko porini angerudi kuliokota?

Imekamilika?

—Kimsingi!

Sasa, upande wa pili wa bonde alikaa Digidigi, shoga yake Pimbi tangu wakiwa wadogo. Digidigi alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Majirani wakamwambia, "Ngoja kwanza, usiamini maneno ya kunguru." Digidigi akasema, "Kama cheti ameandika Pimbi, wodi ipo." Akafunga kanga, akajitwika beseni, akatembea siku mbili.

Asubuhi ya siku ya tatu, mvua ya rasharasha inanyesha, Pimbi akasikia hodi ofisini. Alikuwa Kobe, mkunga wa bonde, mzee wa watu, anahema.

"Injinia, ufunguo wa wodi uko wapi?"

"Ufunguo?"

"Mgonjwa wangu uchungu umemkaza, na mlango hatuuoni."

"Hamuuoni vipi, bibi? Uko upande wa mashariki."

"Mwanangu," akasema Kobe, "hata huo ukuta wa kuutia mlango hatuuoni. Njoo utuonyeshe."

Pimbi akavua viatu. Akaingia kwenye tope, chubwi! chubwi! chubwi!, na bila kutaka akajikuta anahesabu hatua. Zilikuwa arobaini. Basi. Na lile tope lililomtisha mwezi mzima lilimfika kifundoni.

Pale mwinukoni kulikuwa na msingi. Kuta hakuna. Nguzo hakuna. Bati hakuna. Ndani ya msingi, kwenye kona, Digidigi amelala kwenye kanga iliyolowa, maji yanamfuata taratibu, gluu, gluu. Mkunga Kobe akajikokota mpaka pale, akasimama juu yake na gamba lake kumkinga mvua. Hilo ndilo paa pekee wodi ile ilikuwa nalo.

Digidigi akainua macho. Meno yanagongana.

"Pimbi," akasema, "imekamilika?"

Na ninyi hapa msiitikie. Nyamazeni, kama Pimbi alivyonyamaza.

Mtoto akazaliwa: nyeee! Kobe akamfuta kwa ncha ya kanga. "Mtoto wa kike. Tumwite nani?"

Digidigi akatazama kulia, akatazama kushoto, akataja kilichokuwapo. "Msingi," akasema. Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, Pimbi angepata pa kukasirikia.

Pimbi akabeba beseni, akawapeleka mama na mtoto ofisini kwake, akawalaza juu ya ramani za wodi kwa sababu ndizo zilizokuwa kavu. Kobe akamwambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Nyuma yetu wanakuja wengine tisa. Wote wamesikia umegonga kiganja. Na masika yenyewe bado hayajaanza."

Tisa! Ofisi ile ilimtosha Digidigi mmoja akikunja miguu.

Pimbi akatoka kutafuta vifaa vilikokwenda. Akafuata alama za kuburuta nguzo, kwaruu, kwaruu, mpaka kwenye ukingo wa juu wa mto. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na nyumba ya vyumba kumi, paa la bati, baraza la kupunga upepo, na kibao: KIBOKO NYUMBA YA WAGENI.

Na kila nguzo ilikuwa na kiganja chekundu. Kila bati, kiganja chekundu. Ni vya kwake mwenyewe, vidogo, vimepangana toka chini mpaka juu, kana kwamba nyumba nzima inampungia mkono: karibu, Injinia, unatujua!

Angeshtaki? Kwa nani? Na aanze vipi? Shahidi wa kwanza angekuwa kile cheti, na mwandiko mzuri ule ungetambulika kabla hajafungua mdomo. Akakaa kwenye nyasi, mwili unamwasha kwa aibu. Akakaa mpaka akachoka kujihurumia. Ndipo akaenda kununua sambusa.

Kiboko alikuwa mtoni, pua tu ndizo zilizo juu ya maji.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Mar-bluu-haba. Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kushangaa mjengo. Ila nimesikitika."

"Umesikitikia nini?"

"Nyumba kama hii haina jiwe la uzinduzi! Haya, mgeni rasmi anakuja keshokutwa, utampeleka wapi akakate utepe? Kule mwinukoni?"

Masikio ya Kiboko yakazunguka, prrr. Kule mwinukoni alikuwa anakujua.

"Tukimleta hapa je," akasema Pimbi, "aone uwezo wako?"

"Na jiwe litakuwa na jina langu?"

"Litasomeka kutoka ng'ambo ya mto."

"Kubwa?"

"Kubwa kuliko wewe. Kula sambusa, Mheshimiwa. Kuna hati ndogo tu ya makabidhiano, ugonge hapo chini."

"Inasemaje?"

Pimbi akatazama mbingu. "Kimsingi, inasema wewe ni mkubwa."

Kiboko alifikiria kusoma. Lakini kusoma ni kutoka majini, na nje kulikuwa na jua, na jua lingemkausha ngozi. Akanyoosha mguu mnene, mdomo umejaa sambusa. Gbap!

Mmeona? Hivyo tu. Pimbi akautazama ule unyayo kwenye karatasi, akajiona.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, ndi! ndi! ndi! Mgeni rasmi alikuwa Tembo. Pembeni wamejipanga akina mama tisa, kila mmoja na beseni lake kichwani. Kiboko akawatazama akafurahi, akamnong'oneza Pimbi, "Umeleta mpaka kikundi cha burudani!"

"Wataingia ndani, Mheshimiwa, wakimaliza kusikiliza."

Tembo akavuta pazia la jiwe la uzinduzi kwa mkonga, fyuuu! Akasoma kwa sauti ya kutetemesha mabati: "WODI YA WAZAZI YA BONDE LA MATETE. IMEJENGWA NA KUKABIDHIWA KWA WANANCHI NA MHESHIMIWA KIBOKO."

Vigelegele! Lililililili! Akina mama tisa wakaingia na mabeseni yao, mmoja akachagua chumba cha barazani palepale.

"Ngojeni!" akanguruma Kiboko. "Tokeni! Hii ni nyumba yangu!"

Ngoma zikakatika. Twiga akainamisha shingo, akanusa nguzo ya mlangoni. "Hii naijua," akasema. "Niliiburuta mimi. Ngoja kwanza, Mheshimiwa. Nyumba ni ya nani?"

Kiboko akafungua mdomo, aaa... Safari hii hakuna aliyesahau hoja yake. Akisema ni yake, itabidi aseme na nguzo alizitoa wapi. Akaufunga mdomo taratibu.

Pimbi akainama kwa heshima zote, mkononi ile hati ya makabidhiano yenye unyayo wa Kiboko. "Mheshimiwa hajakosea. Kimsingi ni yake. Msingi wake uko kule mwinukoni, mzuri sana, sina ubishi nao. Aende akakae."

Bonde zima likacheka mpaka Nyati akakaa chini. Wakamwinua Pimbi juu juu: "Injinia mjanja! Injinia mjanja!" Na Pimbi, niseme ukweli, kwa muda kidogo masikio yalimsimama.

Imekamilika?

—Kimsingi!

Digidigi hakupiga makofi. Alikuwa kwenye baraza, mtoto mgongoni.

"Pimbi."

"Abee, shoga."

"Kutoka ofisini kwako mpaka pale nilipojifungulia ni hatua ngapi?"

Watu wakapunguza kelele. Pimbi alikuwa angali juu mabegani mwao, kila mtu anamwona.

"Arobaini," akasema.

"Na tope linafika wapi?"

"Kifundoni."

Digidigi akatikisa kichwa kama mtu aliyeuliza bei tu. Hakumtukana. Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Msingi," akasema, "twende tukalale, mama." Akaingia ndani.

"Niteremsheni," akasema Pimbi.

Wakamteremsha.

Wapo wanaosema Kiboko anashinda majini mpaka leo kwa sababu ya aibu. Uongo! Ni joto. Aibu hana, na msimu uliofuata akapewa kazi ya daraja. Mwenye aibu ni Pimbi. Ndiyo maana hadi leo anaishi kwenye mawe, hana viatu, na kila asubuhi utamkuta amekaa juu yake akiyatazama kama anayakagua. Mpite taratibu. Ila mtu akiita mtoto wake kwa mbali, "Msingi! Msingi wee!", Pimbi fyu! kwenye ufa, na hatoki mpaka jua liwe kali.

Funzo lake, wasomi, andikeni: ukiwa msimamizi, tunza viatu vyako. Saiti ina tope, karatasi ni safi. Usiende kuhesabu hatua, utazikuta chache, na ukishazijua hutaweza kuzisahau. Neno lipo, ligonge, kula sambusa yako. Wanawake wetu ni hodari, watazaa popote.

Basi, kuta zangu ndizo hizi. Mwenye bati aezeke. Hadithi imekamilika?

...

Mbona hamuitikii?