Kitanda cha Mninga na Mkeka wa Zaituni

"Kitanda huuliza mlango, mkeka huuliza njia." Jana mlimsikia Bi Mwanvua akimwambia hivyo mjukuu wake Jafari, kijana alipokuwa akihangaika kutafuta lori la kuhamisha makochi yake. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Yametoka Ujiji, na yalianza na kitanda kweli na mkeka kweli.

Ujiji palikuwa na karakana ya useremala. Humo walikuwamo mafundi wawili, Sudi na Mrisho, waliofundishwa kazi na mzee mmoja aliyeitwa Songoro. Walikuwa wakiazimana randa, wakila sahani moja, na kubishana kutwa nzima, maana Sudi hakuweza kupiga msumeno bila kubishana.

Mazoea ya pale yalikuwa haya: fundi alifanya kazi mpaka mkono utetemeke. Msumeno ukianza kumwendea upande, wenzake humwambia kwa adabu, "Mzee, kapumzike," nao humpa zawadi ya kumuaga, kitanda kikubwa cha mninga, wanachokiunga ndani ya chumba chake mwenyewe. Kukikataa ni kuwatukana waliokitengeneza. Wengi walikilalia kidogo tu, kisha wakatolewa juu yake kwenda makaburini.

Mzee Songoro naye alikipata chake. Maisha yake yote alikuwa akisema kwamba akiacha kazi atapanda meli pale Kigoma, aone inakokwenda. Alipoacha kazi, miguu ilikuwa haipandi hata ngazi. Akawa analala kitandani akisikiliza honi ya meli, mpaka akafa.

Mrisho alitoka mazikoni, akamwambia mkewe Zaituni kwamba yeye hatangoja mkono utetemeke. Zaituni, ambaye alikuwa msuka mikeka, akamjibu kwamba neno hilo amelingojea tangu siku ya harusi.

Wakaanza kuishi kwa kubana matumizi. Wenzao wakinunua kabati la vyombo, wao walinunua matofali. Wakaongeza chumba, baadaye kingine, vyote vya kupangisha. Wao wenyewe wakalala chini, juu ya mkeka mmoja aliousuka Zaituni kwa ukindu. Mboga yao dagaa, baiskeli yao ile ile. Watu hawakuacha kuwasema. Sudi alikuwa akiingia kwao, anatazama huku na huku, anasema, "Hodi tena, maana sijui kama wenyewe wamehamia au bado." Mrisho hucheka na kumkaribisha mkekani.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja Mrisho, mkono wake ukiwa imara kabisa na ndevu zikiwa nyeusi, akawaambia wenzake kwamba anaacha kazi. Yeye na mkewe watapanda meli waende Zambia, na huko wataulizia mbele zaidi. Watakula kodi ya vyumba. Wengine walidhani amerogwa. Sudi hakubishana, na hilo peke yake lingetosha kumtia Mrisho wasiwasi, lakini hakuliona.

Wakaenda Kasulu kuwaaga ndugu za Zaituni, ufunguo wa nyumba wakamwachia Sudi. Waliporudi, walikuta kitanda cha kumuaga fundi.

Kilikuwa kitanda ambacho Ujiji haijapata kukiona. Miguu ya kuchonga, kichwani maua na nyota, mbao nene kama za mlango wa boma. Hapakuwa na msumari wala skrubu. Kiliungwa kwa ndimi za mbao zilizoingizwa matunduni na vigingi, kikamwagiwa gundi, kisifunguke tena. Na kilijaza chumba kikubwa cha mbele, ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Chumba kile ndicho kilichotegemewa, kwani vile vingine vilikuwa vidogo na kodi yake haifiki popote. Kilikuwa kimeombwa na Bi Stelia, fundi cherehani, mlipaji wa uhakika. Alipokuja akachungulia, akasema hicho kitanda kizuri, lakini yeye mashine zake ataziweka wapi, juu ya godoro? Akawapa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo anachukua chumba kingine sokoni.

Wakajaribu kukitoa kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu. Hakitoki. Mlango ulikuwa mwembamba. Majirani wakaja kutazama, wakasema mafundi wamejisahau. Ilibaki njia moja, kukikata. Ijumaa asubuhi Mrisho akaingia na msumeno, akauweka juu ya ubao wa kichwani, kisha akasimama tu. Alizijua alama za patasi za kila mtu aliyechonga pale. Hakuweza.

Sudi akafika akiwa na mafundi wenzake wawili. Zaituni alikuwa amekaa mlangoni, mkeka umekunjwa mapajani.

"Shemeji," Zaituni akasema, "karakana nzima ile, hata mmoja hakupima mlango?"

Sudi akatazama chini. "Mlango niliupima mimi."

"Ukaona nini?"

"Nikaona kitanda cha kawaida kinapita. Ndiyo maana nikakifanya kikubwa."

Mrisho akashusha msumeno. "Kwa nini, Sudi?"

"Mzee Songoro kaondoka. Na wewe unaondoka. Mimi nitabishana na nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikasema, mtu hawezi kukiacha kitanda kama hiki."

Kisha Zaituni akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Shemeji, kitanda huuliza mlango. Mkeka huuliza njia. Huu wangu kila asubuhi nikiukunja unaniuliza njia, nami nauambia ngoja. Nimeudanganya miaka mingi. Leo sina la kuuambia."

Sudi akavuta pumzi, akawageukia wenzake. "Leteni sururu."

"Utakivunja?" Mrisho akauliza.

"Kitanda hakivunjwi. Ukuta ndio unavunjwa. Kitanda hiki nitakitunza kwangu, na hapa nitakutengenezea mlango mpana wa mbao mbili, mama yule aingize cherehani zake zote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bi Stelia aliingia, tena akafurahi, kwa sababu mlango ule mpana ulimletea wateja. Sudi akawa mpokea kodi, akiwatumia kwa mkono wa mabaharia na wasafiri. Mrisho na Zaituni wakapanda meli na mkeka mmoja.

Mimi nilikutana nao Mpulungu, bandari ya Zambia, tukasafiri pamoja mpaka nchi za kusini. Mrisho alitengeneza kiti hapa, dirisha pale, alipojisikia tu. Wakakaa Zambia, Malawi, Msumbiji, wakazunguka wakapitia Kongo. Siku za njaa zilikuwapo, na homa pia, sitawadanganya. Lakini sikuwasikia hata mara moja wakiulizana kwa nini waliondoka.

Walirudi Ujiji nywele zimeingia mvi, miguu ingali mizima. Sudi akaja usiku ule ule, akakuta mkeka umetandikwa. Akainama, akaupapasa. Kila ulipochanika, Zaituni aliuziba kwa majani ya mahali walipokuwa: mafunjo hapa, milala pale, na upande mmoja majani mekundu ambayo Sudi, anayejua kila mti na kila jani, hakuyajua.

"Haya ya wapi, shemeji?"

"Ya Msumbiji, karibu na pwani. Keti."

Sudi akaketi. Akataka kubishana kuhusu mbao za kule, akaona hana hoja, kwa kuwa hajaziona. Mbali, meli ikapiga honi bandarini.

"Huko Mpulungu," akasema hatimaye, "mtu anafikaje?"

Zaituni alimtazama mumewe, wakacheka wote watatu. Mwezi uliofuata kile kitanda cha mninga, kilichokuwa kwa Sudi miaka yote, kilipata mwenyewe mwingine, na bibi harusi mmoja wa Ujiji akakifurahia. Zaituni akaanza kusuka mkeka wa pili.

Basi Jafari anatafuta lori, nanyi mmeshajua alichoambiwa. Kitanda huuliza mlango, mkeka huuliza njia.