Pishi Moja kwa Wageni Arobaini

Hapo zamani, katika mji wa Shangiri, alikuwako mpishi jina lake Feruzi, aliyempikia Sultani Mudhafari miaka thelathini hata macho yake yakaharibika kwa moshi. Alipozeeka akapewa haki ya wote waliotumikia jumba: kibaba cha mchele kila siku kutoka ghala la Sultani. Hakuwa na shamba wala mtoto, basi kibaba hicho kikawa ndicho shamba, ndicho mtoto.

Ikawa mwaka mmoja akaja mwanachuoni, Idarusi, aliyesoma ng'ambo elimu ya mali na masoko. Akamwambia Sultani, "Bwana wangu, ghala hili linawalemaza wazee. Kinacholiwa leo kimekufa. Kila mzee apewe fungu lake lote la mchele kwa mara moja, alikabidhi kwa mfanyabiashara amtakaye, nalo litazaa. Hapo kila mtu atakuwa huru."

Sultani akapendezwa, na amri ikatoka. Walioachwa katika utaratibu wa kale ni askari wa lango, kwa kuwa walikuwa na mikuki, na Idarusi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na shughuli nyingi.

Feruzi akalipeleka fungu lake sokoni kwa mfanyabiashara mmoja. Baada ya miezi sita akaenda kulitazama, akaambiwa bei zimeanguka, na mchele uliosalia ukamtosha kiganjani.

"Nawe, bwana, umepungukiwa?" akauliza.

"Mimi nachukua ujira wa kulinda," akajibu mfanyabiashara kwa upole. "Huo hauanguki."

Basi Feruzi akaenda barazani, tumbo limeshikana na mgongo, akashitaki.

"Mzee huyu hana subira," akasema Idarusi. "Pishi moja, vibaba vinne tu, katika mikono yenye akili hulisha watu arobaini."

Sultani alikuwa amechoshwa na malalamiko ya wazee. Akasema, "Vema. Ijumaa nina wageni arobaini. Mpeni Feruzi pishi moja ya mpunga, awaandalie wageni wangu kwa elimu ya Idarusi. Akishindwa, asikanyage tena mji huu."

Feruzi hakuwa na mji mwingine. Hata hivyo akainama. "Amri yako i juu ya kichwa changu, Bwana. Na askari na mwanachuoni, nao niwapikie kwa elimu hiyo?"

"Sisi tuna utaratibu wetu," akadakia Idarusi. "Tupikie kama zamani, kwa mchele wa ghala."

Ijumaa ikafika. Wageni wakaketi, kila mmoja akawekewa bakuli lililofunikwa. Sultani akafunua lake, akakuta udongo mbichi. Papo hapo harufu ya pilau ikaingia kutoka langoni walikokuwa wakila askari, na mbele ya Idarusi likatua sinia lenye mvuke, nyama ya mbuzi juu.

"Feruzi," akasema Sultani, "huu ni udongo."

"Una mpunga ndani, Bwana wangu. Kuula leo ni kuuua, nami nimeupanda uzae. Wageni wavute subira. Mvua ikikubali na ndege wasipokuja, baada ya miezi minne watashiba. Wengine huenda wakafa kabla, lakini watakufa huru."

Sultani akamgeukia Idarusi, ambaye tonge lilikuwa limemfika mdomoni.

"Mwanachuoni, mbona wewe unakula?"

Idarusi akaangalia tonge, akalirudisha siniani. Mgeni mmoja akacheka, kisha wa pili, na Sultani, aliyeona haya kwanza, akacheka hata kilemba kikalegea. Akainuka, akaenda langoni na wageni wake, wakala sinia moja na askari.

Tangu siku ile wazee wakarudishiwa kibaba chao, na Feruzi akapewa viwili. Fungu la Idarusi likaamriwa liende sokoni kwa mfanyabiashara yule yule.

Kabla ya Jumatatu Idarusi akaomba ruhusa ya safari. Akaenda nchi nyingine, ambako mfalme, akiisha kusikia kwamba ndiye aliyeitengeneza Shangiri, akampokea kwa ngoma. Wakaandikiana mkataba. Sharti la kwanza, kwa mkono wa Idarusi mwenyewe, lilisema chakula chake kitoke ghalani kwa mfalme, kila siku, kikiwa kimepikwa.